Jina la Kumi na Tano

Mtatusamehe kwa kuwaletea habari za mchezo, tena mchezo wenyewe si kandanda, ambayo kila mmoja wetu angekuwa na la kusema. Ni besiboli, na si hata besiboli ya uwanjani bali ya kwenye kompyuta. Lakini swali lililozaliwa humo limetukalia kifuani kwa wiki kadhaa sasa, na tumeona heri tuwagawie.

Wanaosema "sisi" hapa ni watu wawili, mwandishi wa makala hii na shemeji yake, wakazi wa Houston. Tunamiliki timu moja kwa ubia katika ligi ya kuigiza yenye timu 16. Wenzetu katika ligi hiyo karibu wote ni Wamarekani: walimu, wahasibu, mzee mmoja mstaafu wa posta. Sisi tuliingia kwa mzaha miaka kumi na moja iliyopita, na mzaha umekuwa kazi. Wake zetu wanajua kwamba Jumapili jioni hatupatikani.

Kwa wasioujua mchezo wa aina hii, asili yake ni kadi na dadu. Mwaka 1961 Mmarekani aitwaye Hal Richman alianza kuuza mchezo wake wa Strat-O-Matic, ambamo kila mchezaji wa kweli ana kadi yake yenye tarakimu zilizotokana na rekodi yake, nawe unarusha dadu kuona kama amepiga au amekosa. Baadaye zikaja kompyuta. Mwaka 1999 Mjerumani Markus Heinsohn alitoa programu iitwayo Out of the Park Baseball, ambayo pamoja na mambo mengine inaweza kubuni wachezaji wasiopata kuwapo duniani. Wanaingia wakiwa vijana, wanakomaa, wanaumia bega, wanazeeka, wanastaafu. Ligi yetu ni ya namna hii. Wachezaji wetu hawana mama. Ukizima mashine, hawapo. Tunalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba tumerukwa na akili.

Mwaka huu ligi iliamua kuongeza timu mbili, ziwe 18. Timu mpya haiwezi kuanza na watu wa kuokota barabarani, kwa hiyo hufanyika kinachoitwa uteuzi wa upanuzi. Kila timu ya zamani huandika orodha ya wachezaji inaowakinga. Waliobaki nje ya orodha wako wazi, na timu mpya zinajichagulia humo. Sisi tuliazima sheria za mwaka 1997, ligi kuu ya Marekani ilipozipokea timu za Arizona na Tampa Bay: unakinga watu 15, na chipukizi waliosajiliwa karibuni hawaguswi. Duru ya kwanza ikiisha, nawe umepoteza mtu mmoja, unaruhusiwa kuwarudisha wengine watatu chini ya kinga kabla ya duru ya pili.

Majina 14 tuliyaandika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Jina la kumi na tano lilituchukua siku tisa.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira. Ana miaka 36. Tulikuwa naye tangu msimu wa kwanza, tulipokuwa wa mwisho na wenzetu wakitucheka, na alikuwapo tulipotwaa ubingwa mara mbili. Magoti yake yamekwisha, na mshahara wake bado ni mkubwa kwa miaka miwili ijayo. Wa pili ni kijana wa miaka 22, mrushaji wa mkono wa kushoto, ambaye hajarusha hata mpira mmoja katika ligi kubwa. Wapelelezi wa vipaji wanamsifu, ila wapelelezi wa programu hii, kama wa kweli, hukosea.

"Shemeji, hili nalo ni swali?" alisema mmoja wetu. "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

"Shemeji," akajibu mwingine, "ukifika hapo umeshatoa fadhila ya punda."

Tukaanza kubishana, na kwa siku mbili za kwanza mabishano yalikuwa ya kihandisi. Mhandisi hufundishwa kwamba thamani ya kifaa si uzuri wake, ni hasara utakayoipata kikikosekana ukilinganisha na kile utakachokiweka mahali pake. Wadakaji wa kiwango cha huyu wetu, kwa umri wake wa sasa, wanapatikana. Kijana wa mkono wa kushoto mwenye mpira wa kasi hapatikani. Hesabu ikawa wazi. Mmoja wetu akaendesha msimu ujao mara 200 kwenye nakala ya ligi iliyo katika kompyuta yake, na katika nyingi ya mara hizo tulikuwa bora tukiwa na kijana.

Halafu likaja wazo ambalo tulilipokea kwa furaha, na ambalo sasa linatuonea haya. Mdakaji hatachukuliwa. Nani atamtaka mzee mwenye magoti mabovu na mshahara ule? Kinga yake ni udhaifu wake. Tunaweza kumwacha wazi na bado tukabaki naye, kwa sababu wengine watamdharau. Kwa maneno mengine, tulipanga kumhifadhi mtu wetu kwa dharau ya majirani. Tukapeana mikono.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye besiboli ya kweli, kwa sababu historia yake imejaa orodha za namna hii, na sisi watu wa Houston tunayo ya kwetu.

Katika miaka ya mwanzo timu za zamani zilitoa makapi. New York Mets, waliokusanywa kwa uteuzi wa Oktoba 1961, walipoteza michezo 120 katika msimu wao wa kwanza. Baadaye sheria zikalegezwa ili wageni wapate kitu cha maana, na hapo orodha zikaanza kuuma. Novemba 1992 timu ya Cincinnati ilimwacha wazi mrushaji kijana aitwaye Trevor Hoffman, ambaye alisajiliwa kama mchezaji wa ndani na kugeuzwa mrushaji mwaka mmoja tu nyuma. Florida wakamchukua, wakampeleka San Diego mwaka uliofuata. Alipostaafu alikuwa ameokoa ushindi mara 601, na mwaka 2018 akaingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo.

Ya Houston ni ya Novemba 18, 1997. Astros walikuwa na vijana wawili wa nafasi ya nje, wote Wavenezuela, wamepishana umri kwa mwaka mmoja na ushei: Bobby Abreu na Richard Hidalgo. Hidalgo alikingwa. Abreu akaachwa wazi, Tampa Bay wakamchukua, na siku hiyohiyo wakampeleka Philadelphia kwa kubadilishana na Kevin Stocker. Abreu alicheza hadi 2014. Alipiga mipira 288 nje ya uwanja na kuiba besi mara 400, na wapo wachache sana katika historia ya mchezo waliofikia tarakimu zote mbili. Mashabiki wa hapa bado wanaling'ong'a jambo hilo. Lakini ukiwa mwadilifu utakumbuka kwamba mwaka 2000 Hidalgo naye alipiga mipira 44 nje ya uwanja katika msimu mmoja, na mwaka huo hakuna aliyelalamika. Walioandika ile orodha hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na nafasi moja na vijana wawili.

Kuchaguliwa nako si neema ya uhakika. Wa kwanza kabisa kutajwa siku ile alikuwa Tony Saunders, mrushaji wa Florida. Mei 1999 mkono wake ulivunjika katikati ya kurusha, mbele ya watu, na mwaka 2000 ukavunjika tena alipokuwa akijaribu kurudi. Na Damian Miller, mdakaji aliyeachwa wazi na Minnesota, alikwenda Arizona na mwaka 2001 akawa bingwa wa dunia. Kwa hiyo orodha haisemi nani ni mtu na nani si mtu. Inasema aliyeiandika aliogopa kumpoteza nani, siku ile, kwa taarifa alizokuwa nazo.

Hayo tuliyafahamu, na yalitutuliza. Mpaka siku ya nane, Jumamosi, tulipokuwa tumeketi jikoni, karatasi yenye majina iko mezani, na akaingia mtu wa tatu. Ni dada wa mmoja wetu na mke wa mwingine. Alikuwa anapasha chakula kabla ya kwenda zamu ya usiku. Akaisoma karatasi, akauliza mstari wa kukata una maana gani. Tukamweleza.

"Na huyu mzee mliyemkata, mmemwambia?"

Tukacheka. Tukamwambia hayupo, ni tarakimu.

"Mimi nawauliza nyie mliopo," akasema. "Mngekuwa na namna ya kumwambia, mngemwambia nini? Kwamba hafai, au kwamba hamna nafasi, au kwamba mnategemea hakuna atakayemtaka?"

Hatukuwa na jibu. Yeye akaendelea kula akiwa amesimama, kama wauguzi wanavyokula.

Sasa yafaa msomaji ajue jambo la nyumbani kwetu. Mwaka 1991, huko Tanga, mmoja wetu, huyu anayeshika kalamu, alipata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha hapa Texas kusomea uhandisi. Mwaka huohuo dada yake, anayemfuata kwa miaka miwili, alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Baba alikuwa karani wa bandari. Alikuwa na kiwanja kimoja. Akakiuza. Fedha zilitosha tiketi ya ndege na ada ya muhula wa kwanza, basi. Aliyebaki alibaki. Mwaka 1993 mama alipata kiharusi, na aliyebaki ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani hadi mama alipofariki mwaka 1999. Alikuja huku mwaka 2002, baada ya ndoa. Alianza kusomea uuguzi akiwa na miaka 38, darasani na watoto wa miaka kumi na tisa.

Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kulizungumza. Tulilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la uani kwao, bila hata kulitazama, kwa kuwa miguu inajua lilipo. Tulipeleka fedha nyumbani, tulilipa ada za watoto wa ndugu, na tukajiambia deni linalipika.

Mwaka 2015 lilitupitia tena kwa sura nyingine. Bei ya mafuta ilikuwa imeanguka, na kila mkazi wa mji huu anakumbuka jinsi ofisi zilivyofagiliwa. Mmoja wetu alitakiwa na wakubwa wake, katika kampuni ambayo haina haja ya kutajwa, kupanga majina ya watu wake kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mstari wenyewe ungekatwa juu. Aliandika. Waliokatwa walipata barua kutoka ghorofa nyingine, na yeye aliagizwa asizungumze nao hadi wamalize kufungasha. Alitii. Alijiambia kwamba hakumfukuza mtu, alipanga majina tu.

Na hapo ndipo, kwa maoni yetu, penye kiini cha jambo. Yapo mambo mawili katika kila orodha. La kwanza ni idadi: kumi na tano, au kiwanja kimoja, au bajeti ya robo mwaka. Hiyo mara nyingi si yetu, tumeikuta au tumewekewa, na hakuna haki ya kumlaumu mtu kwa uchache asioufanya yeye. La pili ni jina linaloangukia mwisho wa idadi hiyo. Hilo ni letu. Tukisema "nafasi hazikutosha" tumesema kweli kuhusu la kwanza na tumelificha la pili. Kutomwandika mtu ni tendo, hata kama kalamu haikugusa jina lake.

John Rawls, mwanafalsafa wa Harvard, ambaye kwa bahati njema alikuwa mpenzi mkubwa wa besiboli na mwaka 1981 aliandika barua nzima kueleza kwa nini ni mchezo bora kuliko yote, alitufundisha katika kitabu chake cha 1971 kwamba sheria ya haki ni ile ungeikubali ukiwa nyuma ya pazia, hujui utatokea upande gani. Tulijaribu kipimo hicho. Je, tungeikubali sheria ya kukinga 15 bila kujua kama sisi ni wa kumi na tano au wa kumi na sita? Tungeikubali, bila hiyo timu mpya hazizaliwi, na wapo kina Hoffman ambao wasingepata pa kuchezea. Lakini pazia la Rawls linapima sheria. Halikusaidii unapolazimika kumtazama usoni huyo wa kumi na sita, na yeye anajua kwamba hukuwa nyuma ya pazia lolote. Ulikuwa unamjua tangu utotoni.

Mmoja wetu alishikilia kwamba kumwambia mtu ni kumwongezea maumivu kwa ajili ya kujisafisha wewe. Liko neno hapo. Tumeona watu wanaokiri makosa yao kwa sauti kubwa ili wapigiwe makofi. Lakini ukinyamaza unamwachia mwenzako kazi ya kujitungia sababu, na mtu aliyeachwa hujitungia sababu mbaya kuliko zote. Mwanamke yule pale jikoni alitueleza baadaye kwamba miaka mingi aliamini hakuwa na akili ya kutosha, wakati matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa mazuri kuliko ya kaka yake. Hilo ni kweli. Tumeyaona.

Kuhusu ule ujanja wetu wa kutegemea dharau, hatutauremba. Ulikuwa hesabu sahihi na jambo baya. Kumwacha mtu wazi kwa kuwa umeshindwa kumkinga ni kitu kimoja. Kumwacha wazi kwa kuwa una hakika hakuna anayemtaka, kisha ukajiita mlinzi wake, ni kingine. Wangapi nyumbani walibaki na wazazi kwa hesabu hiyohiyo, kwamba huyu haendi popote?

Jumapili tulipeleka orodha. Tulimkinga kijana. Ndiyo, pamoja na yote hayo. Hatukuona sababu ya kubadili uamuzi, tuliona tu kwamba tusijidanganye ulikuwa wa namna gani. Duru ya kwanza walimchukua mpigaji wetu wa akiba. Tukapewa nafasi zile tatu za kurudisha watu. Hata hapo hatukumrudisha mdakaji, maana bado tulikuwa na hakika. Duru ya pili mzee wa posta, ambaye ndiye aliyepewa moja ya timu mpya, alimtaja yeye. Tulimwandikia kumuuliza kwa nini. Akajibu kwamba ana warushaji wanane wasiozidi miaka 23, na alihitaji mtu mzima mmoja wa kuchuchumaa mbele yao.

Jioni ile tulimpa habari yule aliyetuuliza. Hakushangaa. Alisema tumeyageuza mambo.

"Huko kwenye mchezo wenu aliyekingwa anabaki na aliyeachwa anaondoka. Kwetu aliyekingwa ndiye aliyeondoka. Sasa niambieni, Baba alimkinga nani?"

Mmoja wetu akasema, bila shaka alimkinga aliyempeleka shule.

"Hivyo ndivyo kaka ulivyoelewa wewe. Wewe aliweza kukutoa. Kuna kitu kinaitwa kuweza kumtoa mtu."

Ndipo kaka yake akamuuliza, kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya thelathini, kama Baba aliwahi kumwambia chochote kabla ya kuuza kiwanja.

"Aliniita uani usiku, wewe umelala. Akaniambia fedha ni ya mtu mmoja na ameshaamua. Akasema, mama yako haoni vizuri siku hizi na mkono wake unakufa ganzi, na mimi bandarini natoka saa kumi na mbili. Akasema wewe ndiye ninayekuhitaji. Nikamwambia sawa Baba."

Akanyamaza, akafunga kibweta cha chakula.

"Sikujua kama amenisifu au amenihukumu. Bado sijui. Lakini aliniambia yeye mwenyewe, na alikuwa amesimama."

Akachukua funguo za gari. Zamu yake huanza saa moja, na Jumapili barabara ya kwenda hospitali hufungwa upande mmoja kwa matengenezo.